Kopo la picha za mama, na albamu nilizonunua kabla ya kupata inayofaa

Tulipomaliza arobaini ya mama tulikaa sebuleni kwake, Ngamiani, Tanga, tukagawana alivyoacha. Kaka alichukua redio. Dada akachukua vyombo vya kabatini, vile vilivyokuwa havitoki mpaka Idi. Mimi niliomba kopo la picha, nikapewa bila ubishi kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka.

Ni kopo la maziwa ya unga la kilo mbili na nusu, limeshika kutu mdomoni. Ndani mlikuwa na picha 214, nilizihesabu mara mbili, na kando yake kulikuwa na albamu moja ya kurasa za gundi iliyokaa kabatini miaka yote. Picha nyingine zilikuwa zimegandana mbili mbili kama chapati zilizokosa mafuta. Nyuma ya picha chache kuna maandishi ya mama kwa kalamu ya bluu. Nyingi hazina neno.

Mimi ni fundi cherehani, Tandika, Dar es Salaam, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kupima, kukata na kupanga ndiyo kazi yangu ya kila siku, nikajipa moyo kwamba kitabu cha picha za familia hakiwezi kunishinda. Nilitaka kiwe tayari kwa dua ya mwaka, ili watu wakishakunywa chai pale jamvini wakipitishe mkono kwa mkono, kama zamani mgeni alivyokuwa akifika anapewa soda na albamu hata kabla mwenyeji hajatoka chumbani. Kitabu kipo sasa, na nimetumia shilingi 171,500 kufika hapo. Karibu nusu ya hizo zilikwenda kwenye vitu ambavyo nisingevinunua tena, kwa hiyo naandika kwa ajili ya yule ambaye kopo lake bado liko juu ya kabati.

Nilianza kwa kununua boksi. Duka moja la mtandaoni lilikuwa linauza seti kamili ya kuanzia, shilingi 68,000, inaletwa na bodaboda mpaka mlangoni. Ndani kuna albamu ya mraba ya sentimita 20 yenye kurasa za kaki, stika za kila aina, roli sita za utepe wa karatasi wenye maua, mihuri miwili ya mpira, mkasi mdogo na chupa ya gundi. Ukiifungua inapendeza kweli, na usiku ule nililala na furaha. Asubuhi nilipoweka picha ya kwanza juu ya ukurasa ndipo nilipoona. Picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15 inakula ukurasa wote, huna pa kuandika hata jina la mtu. Stika zina theluji, miti ya misonobari na majani makavu ya vuli za Ulaya. Nilitafuta hata moja ya kuweka kando ya picha ya dada siku ya kutiwa hina, au ya kaka na kanzu yake mpya siku ya maulidi, sikupata.

Hayo ya mapambo ningeyavumilia. Lililonifanya niiweke pembeni ni karatasi yenyewe. Kila mtu ameona gazeti likiachwa dirishani linavyogeuka njano na kukatika kama biskuti. Ndani ya karatasi za namna hiyo mna lignini, ile sehemu ya mti inayoufanya uwe mgumu, na kadiri miaka inavyokwenda inazalisha asidi. Asidi hiyo haibaki kwenye karatasi peke yake, inahamia kwenye kitu kilicholazwa juu yake. Kaki ni karatasi ambayo haijasafishwa sana, na kwenye boksi lile hapakuwa na mahali popote palipoandikwa kwamba kurasa hazina asidi. Kwa picha nilizosafisha mwaka huu, ambazo nakala yake iko kwenye simu, sawa. Kwa picha ya bibi ambayo iko moja tu duniani, hapana. Gundi ya chupa nayo ni ya majimaji. Niliijaribu kwenye picha ya paspoti ya zamani ya kwangu mwenyewe, ikajikunja kama kitambaa cha pamba kilichofuliwa kabla ya kupigwa pasi. Kitu nilichotumia sana kwenye seti ile ni mkasi mdogo, maana fundi yeyote anajua kwamba mkasi wa kitambaa ukikata karatasi umeuharibu. Stika niliwapa watoto wa jirani, wamezibandika kwenye madaftari.

Sasa nije kwenye albamu ya mama, maana aina hiyo bado inauzwa na bado watu wanaisifu. Ni ile yenye kurasa nene za kadibodi zilizopakwa mistari ya gundi, juu yake kuna nailoni ngumu unayoivuta, unaweka picha, unaifunika. Mama aliinunua mwaka 1991, mdogo wetu wa mwisho alipozaliwa, na ninakumbuka tulivyokatazwa kuigusa kwa mikono yenye mafuta. Leo kurasa zake zimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Mistari ya gundi imepenya, ukiinua picha unaiona nyuma yake kama michirizi ya kutu kwenye shuka. Nyeupe ya gauni la harusi la mama mdogo si nyeupe tena. Nailoni imeng'ang'ania sura za watu pale ilipogusana nazo, na baadhi ya kurasa gundi imekauka kabisa, picha zinadondoka zenyewe, wakati kwenye ukurasa wa jirani hazitoki hata kwa dawa. Nilipokwenda Kariakoo kutafuta mpya, kijana wa dukani alinishikisha hiyo hiyo. "Dada, chukua hii, ndiyo inayotoka. Haina usumbufu, unabandika unafunika." Ni kweli haina usumbufu siku unayobandika. Usumbufu niliukuta mimi, miaka zaidi ya thelathini baadaye.

Ya kwanza kuitoa niliiharibu. Ni picha ya baba amesimama mbele ya nyumba na jezi nyekundu na nyeupe ya Coastal Union, mkono mmoja kiunoni. Nilidhani kucha zangu zinatosha. Ilikuja vizuri mpaka katikati, halafu nikasikia ule mlio wa karatasi kuachana, na bega la baba likabaki kwenye kadibodi. Nilikaa na picha ile mapajani muda mrefu. Tafadhali usitumie kucha, wala kisu cha jikoni, wala rula ya chuma.

Kilichofanya kazi ni uzi wa kusafishia meno, unauzwa duka la dawa, wangu niliununua shilingi 4,000. Chukua ule usio na ladha wala nta nyingi. Kwanza piga picha ukurasa mzima kwa simu, ili hata mambo yakienda vibaya uwe na kumbukumbu ya kila kitu kilivyokuwa na mpangilio alioupanga mwenyewe. Halafu vuta nailoni taratibu, ukianzia kwenye kona ambayo haijagandana. Kata uzi wa urefu kama wa mkono mmoja, uzungushe kwenye vidole vya mikono yote miwili, uingize chini ya kona ya picha, kisha uupeleke kulia na kushoto kama unayekata mkate laini. Usiuvute kuelekea kwako. Uache uzi ukate gundi wenyewe, na picha iendelee kulala. Ukiikunja tu, ile ngozi ya juu inapasuka na ufa haufutiki. Gundi ikikaza, niligeuza ukurasa na kupitisha draya ya saluni nyuma ya kadibodi, kwenye moto mdogo kabisa, sekunde chache tu, nikarudi kwenye uzi. Picha moja ilinichukua dakika kumi. Ilipogoma kabisa sikulazimisha, nilikata kadibodi kuizunguka picha na kuiacha na mgongo wake. Ukiacha ile ya baba, kati ya picha 46 zilizobaki kwenye albamu ile, 39 zilitoka salama, 5 zimebaki na kadibodi mgongoni, 2 sikuzigusa. Ya baba sikuiunga kwa selotepu, kwa sababu selotepu nayo hugeuka njano na kutoa mafuta. Kipande cha bega nimekiweka kwenye bahasha yake, kinakaa nyuma ya picha.

Albamu ya pili niliyonunua ni ya vifuko, shilingi 12,000, inaingiza picha 100. Hii naipenda kuliko nilivyotegemea. Wengi wenu mnaijua kwa udogo wake: studio zilikuwa zinatoa kijialbamu cha vifuko bure ukisafisha filamu nzima. Hakuna gundi, unachomeka tu, unachomoa ukitaka, na kando ya kila kifuko kuna nafasi nyeupe ya kuandika mstari mmoja au miwili. Kasoro yake ni mbili. Vifuko ni vya sentimita 10 kwa 15, na picha nyingi za miaka ya 1980 ni za 9 kwa 13, kwa hiyo zinahamahama ndani na kukaa upande. Ya pili ni plastiki. Inayofaa ni polipropilini. Ya kuikimbia ni PVC, kwa sababu ile dawa ya kulainishia iliyomo hutoka polepole na kuifanya picha inate. Kama haijaandikwa, inuse. Ikinukia kama pazia jipya la bafuni, irudishe. Nilirudisha moja kwa harufu hiyo, na muuza duka hakununa. Anayetaka tu kuokoa picha zake kutoka kwenye mfuko wa rambo anunue hii leo jioni, na hatakuwa amekosea. Mimi nilitaka ukurasa wa kupanga na kuandika, nikaendelea kutafuta.

Niliyobaki nayo ni albamu ya kurasa nyeusi. Shilingi 38,000, duka la vifaa vya ofisi Kariakoo, iliwekwa rafu ya chini kabisa na vumbi juu yake. Kurasa 40, upana unaingiza picha tatu au nne, na kila baada ya ukurasa kuna karatasi laini ya kuona upande wa pili, ili picha zikitazamana zisikwaruzane. Jaladani imeandikwa kwamba karatasi haina asidi wala lignini. Imefungwa kwa skrubu mbili za shaba ambazo unaweza kuzifungua na kuongeza kurasa. Hilo la skrubu lilinifurahisha kama fundi, maana nguo nzuri inaachiwa pindo la ndani ili mwenye nayo akinenepa iongezwe.

Siri ya albamu hii ni vipembe. Ni vijitu vidogo kama mifuko ya pembe tatu, vinauzwa pakiti, yangu ilikuwa 5,000 kwa vipembe mia na kitu. Picha inaingiza kona zake nne ndani yake, na gundi iko nyuma ya kipembe, inagusa ukurasa tu. Picha yenyewe haiguswi na gundi hata tone. Kesho ukiitaka kwa ajili ya kuisafisha upya au kumpelekea mtu, unachomoa kona moja moja, inatoka. Wapo watakaokwambia ni kazi ya kuchosha. Ukianza kwa kubandika vipembe kwenye ukurasa halafu ndipo uingize picha, inachosha na haitakaa sawa. Fanya kinyume: visha picha vipembe vyote vinne kwanza, toa karatasi ya mgongoni, ishushe picha yote kwa pamoja mahali ulipopima, kandamiza kona moja moja. Na usivibane mpaka mwisho. Acha upenyo kama unene wa uzi, kwa sababu mvua za masika zikija karatasi inavimba kidogo, na picha iliyobanwa pande nne itainuka tumbo katikati. Gauni huachiwa nafasi ya kupumua, na picha hivyo hivyo.

Pakiti ya kwanza ilikuwa ya bei ya chini na ilinichosha. Wiki mbili za joto la Februari, vipembe vikaachia vyenyewe, nikaifungua albamu nikakuta picha zimerundikana chini ya mkunjo. Pakiti nyingine zilizokuwa na mgongo wa karatasi ya njano zimeshika mpaka leo. Upungufu mwingine: kurasa nyeusi zinaonyesha kila alama ya kidole, na kitabu kinavimba haraka. Nilipoanza kuweka vipande vya vitambaa, nilipofika ukurasa wa 17 jalada lilikuwa halilali tena. Itabidi nitafute skrubu ndefu kidogo.

Kalamu nilinunua nyeupe ya jeli, shilingi 3,000, mbili. Kabla ya kuiamini, andika mstari kwenye ukurasa wa mwisho, uache usiku kucha, asubuhi pitisha kidole chenye maji. Ikichuja, usiitumie. Nyuma ya picha za zamani za karatasi nene naandika kwa penseli laini bila kukandamiza. Kalamu ya wino wa kawaida inachimba na mchoro wake unatokea usoni pa mtu upande wa pili. Gundi ya kijiti, shilingi 2,500, natumia kwa karatasi na vitambaa tu.

Huduma ya kusafisha picha naomba niizungumze kidogo, kwa sababu ndipo nilipopoteza siku mbili. Picha zenyewe sikutaka zote ziingie kwenye kitabu cha kupitishwa mikononi. Ile ya bibi aliyopigwa Unguja, nyeusi na nyeupe, amekaa kwenye kiti cha kukunja na buibui lake, niliamua nakala ndiyo ipambwe na yenyewe ikae kwenye bahasha. Cha ajabu ndiyo ya zamani kuliko zote na ndiyo iliyo wazi kuliko zote. Picha nyeusi na nyeupe za zile studio hushikwa na madini ya fedha, na fedha hiyo ikisafishwa vizuri haina haraka ya kufifia. Picha za rangi hutegemea dawa za rangi ambazo huondoka zenyewe hata gizani ndani ya kopo. Ndiyo sababu picha za 1985 zimekuwa nyekundu nyekundu na bibi bado anakutazama machoni.

Nilipeleka picha 18 duka moja Kariakoo wanipige skani, shilingi 500 kila moja. Nikarudishiwa faili za hati zilizobanwa, ukizikuza nyuso zinakuwa kama mchele. Ikabidi nirudi. Sema mapema, tena iandikwe kwenye karatasi: skani ya nukta 600 kwa inchi kwa picha ndogo, ihifadhiwe kama picha, si kama hati. Nukta 300 zinatosha ukitaka saizi ile ile, ila ukiikuza utajuta. Wakikutumia kwa WhatsApp, waitume kama dokumenti, kwa sababu ikitumwa kama picha inabanwa. Kuhusu kusafisha, nilisafisha nakala 24 kwa shilingi 500, na kundi la kwanza lilirudi na vichwa vimekatwa. Kosa si la mashine pekee. Simu nyingi hupiga picha ya uwiano wa 4 kwa 3, na karatasi ya sentimita 10 kwa 15 ni ya 3 kwa 2, ni ndefu zaidi, kwa hiyo mashine ikiachiwa inajaza karatasi na kukata juu na chini. Mwambie fundi aache mpaka mweupe kandoni. Yule kijana alizirudia bila kunitoza, namshukuru. Alipopendekeza anipigie na laminesheni picha ya bibi "idumu, mama," nilimshika mkono. Laminesheni ni nailoni iliyoyeyushwa kwa moto juu ya picha, na haitoki tena. Cheti mnaweza kuendelea nacho. Picha ya pekee, msithubutu.

Mapambo ndiyo sehemu iliyonipa raha. Baada ya kuliweka pembeni boksi la stika, niligeuka nikatazama chini ya cherehani yangu mwenyewe. Vipande vya vitenge, ncha za lesi, utepe wa mabegani, vyote vinasubiri kufagiwa. Ukurasa wa harusi ya dada nimeuzungushia kipande cha kitenge kile kile tulichoshona sare, kilichokatwa na mkasi wa meno ili kisichanike nyuzi. Mama alikuwa na kanga iliyoandikwa "Wema hauozi", alijitanda nayo mpaka ikawa nyembamba kama chandarua. Sikuikata yenyewe. Pindo lake lilikuwa limeshachanika upande mmoja, nikachukua lile lililoning'inia, likatosha sentimita 12, likaenda chini ya picha yake ya mwisho. Tahadhari ni rangi. Kanga mpya huchuja. Ifue kwanza kwa maji ya chumvi, na ikikauka isugue na pamba nyeupe yenye unyevu. Pamba ikipata rangi, hicho kitambaa kisikae ukurasa mmoja na picha. Hata kikipita jaribio, usikilaze juu ya picha, kiweke kando yake.

Nimesikia watu wakisema haya ya kukata na kupamba picha ni mambo ya Wazungu. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, aliyezaliwa 1932 na kufariki 1993, ambaye studioni mwake alikuwa akikata picha za watu na kuzipanga upya kwa namna zake mwenyewe, kazi ambayo leo watafiti wanaisoma. Watu wa pwani tunajua kupamba, anayeingia nyumba yoyote siku ya harusi anaona. Tofauti ni kwamba mwenye studio ana negativu, akikosea anasafisha nyingine. Mimi na wewe hatuna. Kwa hiyo mkasi wangu umegusa nakala tu.

Kuna kitu kimoja ambacho hakikuuzwa duka lolote, na ningekijua ningekianza kabla ya yote. Nilichukua basi kwenda Tanga na picha 60 ambazo hatukuwa tunajua zina nani. Shangazi, dada yake baba, macho hayaoni vizuri, akawa anaziinua mpaka karibu na pua, moja moja, pale barazani. Nilikuwa nimeweka simu ya kurekodi chini ya upande wa kanga yangu, halafu nikaona si adabu, nikamwambia. Akasema, "Rekodi, mwanangu, mimi nitasahau kabla yako." Tulifika kwenye ile ya baba na jezi. Nikamwomba msamaha kwa lile bega. Hakulijali. Akagusa mlango unaoonekana nyuma ya baba, akasema nyumba ile walihama baada ya mvua kubwa, na siku ile mtaa mzima ulikuwa nje unapiga madebe kwa sababu Coastal wamechukua ubingwa. Basi ikawa 1988, bila hata kugeuza picha. Kwenye nyingine kulikuwa na tarehe zile za rangi ya chungwa kwenye kona, zinasema Januari 1987, na shangazi akacheka, maana mtoto aliyebebwa pale alizaliwa 1990. Kamera haikuwa imewekwa saa. Tarehe hizo msiziamini bila kuuliza mtu mzima.

Katikati ya rundo ilikuwepo picha ya msichana amekaa na mama, wote wamevaa viatu vya kisigino kinene, wameshikana mikono, wana umri kama wa miaka ishirini. Nyumbani hakuna aliyewahi kumjua, tulikuwa tunasema "yule rafiki yake mama". Shangazi aliishika muda mrefu. Akamtaja jina lake, jina la baba yake, barabara waliyokaa, na kwamba alikuwa somo yake mama, yaani rafiki yake wa moyoni, alifariki kwa uzazi mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Halafu akanitazama akasema, "Wewe umebeba jina la nani unadhani?" Mimi nilikuwa nimeambiwa jina langu ni la bibi wa upande wa mama.

Picha ile iko ukurasa wa 3, peke yake, vipembe vinne, bila kitambaa. Chini nimeandika kwa kalamu nyeupe majina yao wote wawili kama shangazi alivyoyataja, na mtaa. Bahasha za picha zenyewe zipo kwenye sanduku la mbao chumbani kwangu, mbali na ukuta wa bafu, na vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya boksi za viatu. Nimeomba kwa muuza viatu wa jirani, kanipa mkono mzima.

Kwenye dua kitabu kilizunguka jamvi lote. Nilikuwa nimeacha penseli nyeupe imefungwa kwa utepe kwenye skrubu, na kiliporudi nilikuta majina manane yameongezwa chini ya picha ambazo shangazi alishindwa, mwandiko wa watu mbalimbali, mmoja wa kuinama kabisa. Kurasa zilizojaa ni 17 kati ya 40. Ijumaa ijayo narudi Tanga kwa shangazi na pakiti mbili za vipembe, zile zenye mgongo wa njano.